Nilipenda gari la zamani hadi nikala karo ya dada yangu

Kama kuna gari la spoti la zamani unalolimezea mate pale mtaani, fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi. Omba jeki, inua upande mmoja, kisha jaribu kufungua na kufunga mlango wa upande huo. Mlango ukikwama au ukianza kusugua bodi, shusha jeki, sema asante na uende zako.

Mimi sikufanya hivyo. Nilikuwa na miaka 24, nimepata kazi yangu ya kwanza ya maana Industrial Area, na mfukoni nilikuwa na akiba ya Sh180,000 pekee. Gari lenyewe lilikuwa MGB GT la mwaka 1971, limelala chini ya mparachichi katika ua wa nyumba moja Karen. Tairi zote nne zilikuwa bapa na kuku alikuwa ametaga kiti cha nyuma. Mama mzee mwenye gari alitaka tu apate nafasi ya kulima sukuma wiki. Nilimpa pesa zote siku hiyo hiyo.

Usinicheke. Ugonjwa huu niliurithi. Marehemu baba alikuwa mtoto wakati Safari Rally ikipita vijijini kila Pasaka, na hadithi yake kubwa ilikuwa moja: Datsun 240Z. Gari hilo lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Baba alisema walikuwa wanalisikia kabla ya kuliona, ile injini ya silinda sita ikinguruma nyuma ya kilima, halafu vumbi, halafu kimya. Alinisimulia mara nyingi hadi nikaona kama na mimi nilikuwepo.

240Z kwa mshahara wangu ilikuwa ndoto ya mchana. MGB ilikuwa karibu. Na ujue kitu kimoja: kwa kawaida gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa Kenya. Kwa hivyo mengi ya haya magari ya zamani unayoyaona ni yale yaliyobaki humu humu nchini, kwenye maua na magereji. Likienda kwa wauza vyuma chakavu, limeenda.

'Unaendesha rangi'

Nilivuta MGB hadi Kariobangi kwa mzee mmoja ambaye alikuwa ameshika spana tangu miaka ya sabini. Kitu cha kwanza alichokifanya ni kuweka jeki. Mlango ukakwama.

"Kijana," akaniambia, "hii si pikapu. Haina chesisi yake kando. Bodi ndiyo chesisi. Hizi boksi za chuma chini ya milango ndizo zinabeba gari lote, na zimeoza. Tukate, tuchomelee mpya. Rangi ni mwisho."

Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema miezi sita, kama nitakuwa naleta pesa kidogo kidogo.

Miezi sita! Marafiki walikuwa wanauliza gari liko wapi. Nilikuwa nishaweka picha mitandaoni na kuandika "linakuja". Nikapata fundi mwingine aliyeniahidi wiki mbili: kuziba matundu kwa filla, kupiga msasa, kupuliza rangi nyekundu. Shida ilikuwa pesa. Alitaka Sh38,000, na mimi nilikuwa sina kitu.

Ila nilikuwa na Sh45,000 ambazo hazikuwa zangu.

Baba alipofariki, mama alianza kunitumia karo ya dada yangu mdogo ili nimlipie chuoni, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa Nairobi. Alikuwa akisomea mambo ya umeme. Mama aliuza maziwa kupata pesa zile. Nikajiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi. Wewe pia umewahi kujiambia maneno kama hayo, au utakuja kujiambia.

Gari likang'aa. Kwa wiki tatu nilikuwa mfalme wa Umoja. Kisha jioni moja nikiwa Kangundo Road, nikapita bampu kidogo kwa kasi, nikasikia sauti kama bati linapasuka. Nilipoegesha, mlango wa dereva ulikataa kufunguka kabisa. Nikatokea upande wa abiria, watu wa bodaboda wakinishangilia. Niliinama chini kuangalia. Filla ilikuwa imebanduka kipande kirefu, na ndani hakukuwa na chuma, ni vumbi la kutu tu.

Wiki hiyo hiyo dada alinipigia simu. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliosajiliwa kufanya mtihani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kaka, ulilipa?"

Alikaa nyumbani muhula mzima. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakumwambia mama. Alimwambia chuo kimebadilisha ratiba. Alibeba uongo wangu kichwani akiwa anakamua ng'ombe, na mimi nikiwa Nairobi na gari lisilofunguka mlango.

Niliuza MGB kwa Sh110,000 kwa mtu aliyehitaji injini na vioo vya kukarabatia lake. Nikalipa karo, nikalipa na ya muhula uliofuata, kisha nikaenda nyumbani kumwambia mama mwenyewe. Hiyo safari ya matatu sitaisahau.

Daftari la Sh5,000

Miaka miwili baadaye nilipata Datsun 1200 coupe Thika kwa Sh70,000. Ni gari jepesi, karibu kilo 700, na kanjini kake ni kadogo, sisi 1,171, lakini linasukuma magurudumu ya nyuma na linapenda kona. Tena pikapu za Datsun 1200 zilitembea sana nchini, kwa hivyo spea unaweza kuziokota Grogan ukiwa mvumilivu. Safari hii nilienda na jeki yangu mwenyewe. Nilibeba pia sumaku iliyofungwa kwa kitambaa nikaipitisha kwenye bodi yote. Sumaku inashika chuma, haishiki filla. Ilianguka mahali pawili tu, na hapo nikajua naanzia wapi.

Nilirudi kwa yule mzee wa Kariobangi. Hakunikumbusha lolote. Alinipa msasa tu.

Nilinunua daftari na kujiwekea Sh5,000 kwa mwezi, si zaidi. Mwezi ambao nyumbani kuna shida, gari linangoja. Kulikuwa na miezi minne mfululizo ambayo sikununua hata bolti, lakini kila Jumamosi nilienda gereji. Hapo ndipo nilipojifunza. Mzee alinifundisha kupima mwanya wa pointi za distributa, karibu nusu milimita. Alinifundisha kusafisha karabureta bila kupoteza vijipu vyake vidogo. Alinieleza pia kwa nini nati za ile MGB zilikuwa zinaharibika: magari ya Waingereza wa enzi hizo yanatumia vipimo vya inchi. Spana namba 13 inakaribia kushika nati ya nusu inchi, halafu inateleza na kula kona zake. Nilikuwa nimeua nusu ya nati zangu nikidhani nina nguvu.

Siku hizi macho ya mzee hayaoni tena ule mwanya wa pointi. Mimi ndiye ninayeupima, yeye anasikiliza injini na kusema "funga kidogo". Wazee kama yeye hawana chaneli ya YouTube. Kama kuna mmoja mtaani kwenu, enda ukashike tochi.

Nyaya ndizo zilikuwa kizaazaa. Kila fundi aliyewahi kulishika gari hilo alikuwa ameongeza waya wake, ukiwasha indiketa wipa zinaamka. Nilitaka kumtafuta fundi wa umeme. Dada, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza chuo na kuajiriwa, akaniambia nisithubutu kulipa mtu. Alikuja Desemba na kisanduku chake, akang'oa kila kitu, akachora mchoro ukutani kwa chaki, akaweka nyaya mpya kwa wikendi mbili. Hatukuzungumza sana. Nilikuwa nampa koleo anapotaka koleo.

Ilichukua miaka mitatu na miezi minne kabla hatujapuliza rangi.

Nimeenda Ngong Racecourse kutazama maonyesho ya Concours d'Elegance, ambapo waamuzi hukagua hadi chini ya gari. Letu halijafika huko. Bampa ya nyuma ina kovu, na kiti cha abiria bado nakitafutia kitambaa. Sina haraka.

Kwa hivyo kama umeamua, sawa, nunua. Kwanza kagua rekodi za NTSA uone kama anayeuza ndiye mwenye gari, na kama namba ya chesisi inalingana na iliyo kwenye bodi. Beba jeki na sumaku. Usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya rangi. Na kama kuna pesa za mtu mwingine kwenye simu yako, zitume ziendako kabla hujaingia gereji.

Datsun liko pale nje sasa hivi ninapoandika. Ila leo ni Jumapili, na Jumapili funguo ni za dada.