Kujifunza hisabati bila mwalimu

Kujifunza hisabati bila mwalimu ni kulisoma somo hilo kwa juhudi binafsi, kwa kutumia vitabu, maktaba au intaneti. Hufanywa na watahiniwa wa kujitegemea, watu walioacha shule mapema na wengine wanaohitaji hesabu kazini. Kwa kuwa msomaji wa namna hiyo hana mtu wa kumsahihisha, uchaguzi wa kitabu ni jambo zito kwake kuliko kwa mwanafunzi wa darasani.

Mfano wa Ramanujan

Srinivasa Ramanujan (1887-1920) wa India Kusini alikuwa na umri wa miaka 16 hivi alipopata kitabu cha George Shoobridge Carr, chenye kanuni zipatazo 5,000, nyingi zikiwa na uthibitisho mfupi sana au bila uthibitisho wowote. Alizishughulikia peke yake, akiandika kwenye kibao kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Kitabu hicho kiliamsha kipaji chake, lakini pia kilimzoesha kuandika jibu bila kuonyesha njia. Mwaka 1913 alimwandikia G. H. Hardy wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Kati ya kanuni alizompelekea, baadhi zilikuwa mpya kabisa, nyingine zilishajulikana Ulaya, na baadhi ya madai yake kuhusu namba tasa yalikuwa na makosa.

Kuchagua vitabu

Kitabu kinachofaa kina mifano iliyofanywa hatua kwa hatua, mazoezi mengi, na majibu mwishoni. Anayetazama majibu kabla ya kujaribu hudhani ameelewa, kumbe bado. Kitabu cha zamani kisidharauliwe: kanuni ya Pythagoras ni ileile. Kinachobadilika ni muhtasari wa somo, hivyo mtahiniwa autafute pamoja na mitihani iliyopita.

Nchini Tanzania kuna kikwazo cha lugha. Aliyezoea KDS na KKS katika shule ya msingi hukuta vitabu vya sekondari vikiandika LCM na HCF, akadhani ni mada mpya. Daftari la istilahi za lugha zote mbili humsaidia sana.

Kwenye intaneti, Khan Academy hutoa video na mazoezi bila malipo, na GeoGebra huchora grafu. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ina vitabu vya aljebra na kalkulasi ambavyo vikishapakuliwa husomeka bila bando.