Homa ya Mapafu na Sukari ya Damu Kandokando ya Ziwa

Tarehe 17 Juni 2021 serikali ya Kenya ilitangaza amri ya kutotoka nje, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, katika kaunti 13 za magharibi na za kandokando ya Ziwa Viktoria, Homa Bay na Migori zikiwa miongoni mwazo, kwani kirusi cha Korona cha namna ile iliyopewa jina la Delta kilikuwa kikienea kwa kasi na kuzilemea hospitali. Kilio cha siku zile kilikuwa juu ya pumzi, nacho kilikuwa cha haki. Walakini palikuwa na jambo la pili, ambalo halitajwi sana hata leo, na ambalo kwa maoni yangu lastahiki kutajwa kila inapotajwa oksijeni, nalo ni sukari katika damu ya mgonjwa.

Mapafu yakishambuliwa na kirusi, kiwe cha Korona au cha mafua makali, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga kotisoli na adrenalini kwa wingi, nalo ini huitika kwa kutoa sukari lililoilimbikiza na kuunda nyingine mpya, ilhali kemikali za uvimbe ziitwazo saitokini huzifanya nyama za mwili zisiitikie insulini kama ilivyo ada yake. Ndipo mtu ambaye tangu juzi hakutia tonge kinywani hukutwa sukari yake imepanda, na jamaa zake wakastaajabu. Kwa hiyo ni hatari kubwa kwa mwenye kisukari kuacha sindano yake ya insulini kwa hoja ya kwamba hali chakula. Fauka ya hayo, deksamethasoni, dawa iliyowaokoa wengi tangu watafiti wa Oxford walipotangaza manufaa yake tarehe 16 Juni 2020, ni ya jamii moja na kotisoli, nayo hupandisha sukari. Si sababu ya kuikataa, bali ni sababu ya kupima.

Insulini ikipungua mno, mwili huyeyusha mafuta, na mafuta hayo huacha asidi ziitwazo ketoni. Damu ikishakuwa chachu, mgonjwa huvuta pumzi ndefu, nzito, za mfululizo, kama alivyozieleza tabibu wa Kijerumani Adolf Kussmaul mwaka 1874. Hebu msomaji afikiri: katika wodi iliyojaa watu wanaohema kwa mapafu yaliyovimba, ni nani atakayemtambua yule mmoja anayehema kwa ajili ya asidi? Oksijeni peke yake haimwokoi. Humwokoa maji ya mshipani, insulini, na potasiamu inayochungwa kwa hadhari; na njia ya kufikia hayo yote huanza na tone moja la damu ya ncha ya kidole, ambalo jibu lake hupatikana kabla ya dakika moja kwisha.

Huku ziwani upo mtego mwingine. Homa yoyote, kuanzia Rongo hadi Mbita, hudhaniwa kwanza kuwa malaria, na dhana hiyo ina msingi, kwani malaria haijaondoka. Lakini malaria kali, hususa kwa watoto na wajawazito, huishusha sukari, na kwinini huishusha zaidi kwa kulichochea kongosho. Basi wauguzi wamezoea kumpa glukosi aliyezimia, na pasipo kipimo hiyo ndiyo njia ya salama, maana sukari iliyoshuka mno huua upesi. Hata hivyo homa ya kirusi cha mapafu aghalabu huelekea upande wa pili, na jicho la tabibu, liwe hodari namna gani, haliwezi kuzitenga hali hizi mbili kwa mtu aliyekwishapoteza fahamu.

Na baada ya homa? Mwaka 2022 Yan Xie na Ziyad Al-Aly, walipochunguza kumbukumbu za askari wastaafu wa Marekani zaidi ya 180,000 waliougua Korona, waliona kwamba katika muda wa mwaka mmoja hatari ya kupata kisukari iliwazidi wasiougua kwa asilimia 40, yaani watu wapatao 13 zaidi katika kila 1,000. Askari wale si wavuvi wa Homa Bay wala wachimba dhahabu wa Migori, nami sitaki kuzihamisha hesabu zao kama zilivyo. Huko Boston nako, miongoni mwa waliogunduliwa kuwa na kisukari walipolazwa kwa Korona, takriban wawili katika watano sukari yao ilirudi chini ya kiwango cha maradhi hayo. Wengine, bila shaka, walikuwa nayo kitambo pasipo kujua; na ikiwa uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu asilimia 88 ya watu wazima hawajapata kupimwa sukari, jambo hilo haliwezi kuwa geni kwetu.

Kipimo chenyewe nacho kina matata yake. Kile cha hemoglobini yenye sukari, kinachosifiwa kwa kuonyesha wastani wa miezi mitatu, husoma chini kidogo ya ukweli kwa wenye kurithi upande mmoja wa seli mundu, nao ni wengi katika nchi za ziwa. Na anayetumia dolutegraviri dhidi ya VVU, dawa ambayo matabibu wa Uganda waliripoti mwaka 2020 kwamba baadhi ya waitumiao hupandwa na sukari, asiiache hata kidogo, ila achunguzwe zaidi.

Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya kupimia sukari. Kwa hiyo anayeruhusiwa kutoka wodini, awe anarudi Mfangano au Isebania, aandikiwe tarehe ya kupimwa tena baada ya miezi mitatu, asubuhi, kabla ya kula: ikifika milimoli 7.0 kwa lita, apelekwe hospitali, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kuambiwa ana kisukari. Ikiwa baina ya 6.1 na 6.9, arejee kila mwaka.