Sanduku la pedali za gitaa: pima safari kabla ya kupima bei

Boti ya asubuhi ya kwenda Unguja ikikaribia kuondoka, wachukuzi wa bandarini Dar es Salaam hawana muda wa kusoma maandishi. Begi lililoandikwa "shika polepole" kwa wino mwekundu hupita mikononi mwao sawasawa na gunia la vitunguu: linavutwa, linarushwa juu ya rundo, kisha linabebeshwa sanduku la mtu mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kama mwenye begi ni mpiga gitaa la solo anayekwenda kazini, humo ndani mna pedali tano au sita, nyaya fupi za kuziunganisha na pawa saplai moja. Safari ya majini ni kama saa mbili. Jioni atapiga magoti jukwaani, afungue zipu, achomeke umeme na kutega sikio.

Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 na ambalo hufanyika Zanzibar mwezi Februari, ni moja ya kazi zinazowavusha wapiga magitaa bahari hiyo. Kwenye matamasha ya aina hii mwandaaji kwa kawaida huweka ngoma, spika na amplifaya. Pedali haweki. Kila mpigaji huja na zake, kwa mpangilio wake, kwa sababu hizo ndizo zinazoifanya sauti yake isifanane na ya jirani. Na kwa kuwa zimeunganishwa kwa mfuatano, waya mmoja ukiachia katikati, gitaa zima linanyamaza.

Si inakanyagwa kila siku?

Anayeiona pedali kwa mara ya kwanza huona kiboksi cha chuma kinachokaribia ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, chenye swichi ya kukanyagia juu na vitufe vya kuzungusha. Distoshoni huikwaruza sauti, korasi huitanua ikawa kama magitaa mawili, dilei huirudisha kama mwangwi. Biashara hii ilichangamka mwaka 1962, kampuni ya Gibson ilipotoa Maestro Fuzz-Tone, kifaa ambacho Keith Richards wa Rolling Stones alikitumia miaka mitatu baadaye katika wimbo wao "Satisfaction". Mwaka 1977 kampuni ya Boss ya Japani ikaleta pedali zake ndogo, na umbo lile halijabadilika sana: upana milimita 73, urefu 129, kimo kama 59, uzito unaozunguka gramu 400.

Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kitu kinachokanyagwa kwa kiatu kila usiku, kitashindwaje kukaa ndani ya buti la basi?

Kinashindwa kwa sababu kimeundwa kupokea nguvu kutoka juu, na safari hupiga kutoka pembeni. Matundu ya kuchomeka nyaya kwenye pedali nyingi yako ubavuni. Waya ukiwa umechomekwa, kichwa chake hutokeza nje, na kikisukumwa na mzigo wa jirani kinafanya kazi kama mtaimbo: kinalipinda tundu hadi lehemu inaachia kwenye saketi. Vitufe navyo vimesimama juu ya vijiti vyembamba, na kijiti kikishapinda, sauti huanza kukwaruza kila kitufe kinapozungushwa. Halafu kuna velkro inayozishika pedali kwenye ubao wa kuzipangia, yaani bodi. Gundi yake hulegea kwa joto, na joto la buti la basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya mchana kutwa si la kufanyiwa mzaha. Pedali ikishabanduka, inageuka nyundo inayowagonga wenzake njia nzima.

Milimita zinazookoa

Watu wanaponunua sanduku hugonga ganda kwa vidole. Wanasikiliza ugumu. Hesabu ya darasa la fizikia inaonyesha kwamba wangebonyeza sponji kwanza.

Sanduku likidondoka kutoka mita moja, ambayo ni kimo cha kiuno cha mchukuzi, na kilichomo kikasimama ghafla ndani ya milimita 2, kinapata mshtuko wa wastani unaokaribia mara 500 ya uzito wake. Sponji ikikipa nafasi ya kuzama milimita 20 kabla ya kusimama, mshtuko unashuka hadi kama mara 50. Ganda ni lilelile na sakafu ni ileile. Kilichobadilika ni sentimita mbili za ulaini. Ganda gumu lisilo na sponji ya kutosha huipitisha ngumi ya sakafu moja kwa moja hadi kwenye lehemu.

Sponji nayo ina aina zake. Ile ya godoro la bei nafuu hubonyea hadi mwisho kwa kidole kimoja; pedali nzito zikiilalia mwezi mzima, inabaki na mashimo. Tena inanyonya maji, na maji ya chumvi yakikaa ndani ya sponji yanapeleka kutu kwenye kila tundu. Inayofaa kugusana na vyombo ni ile yenye vijishimo vilivyofungwa, isiyonyonya. Kila nyumba ya pwani inayo: malighafi ya EVA inayotengenezewa kandambili ni ya jamii hiyo. Kipande chake kikizamishwa kwenye ndoo kinaelea, kikikamuliwa hakitoi maji. Ni kigumu kidogo, hivyo hufaa kama tabaka la ndani linaloshika bodi isicheze, huku sponji nzito ya godoro ikikaa nyuma yake kupokea kishindo.

Begi, polima au mbao

Kwa anayepiga baa za mjini na kubeba vyombo vyake mwenyewe kwenye teksi, begi la kitambaa lenye sponji pembeni linatosha. Pedaltrain ya Marekani, kampuni inayojulikana zaidi kwa fremu za alumini za kupangia pedali, huuza bodi zake nyingi kwa namna mbili: pamoja na begi laini au pamoja na sanduku gumu. Begi ni jepesi, linaning'inia begani na halimchoshi mtu. Lakini siku linapotoka mkononi mwa mwenyewe na kuingia chini ya mizigo ya wengine, kazi yake imekwisha.

Hatua inayofuata ni masanduku ya plastiki ngumu kama BCB-60 ya Boss, ambayo ni bodi na sanduku kwa pamoja: sponji ya ndani inakatwa kufuata pedali, mfuniko unafungwa, safari inaanza. Linamfaa mwenye pedali chache za ukubwa wa kawaida. Anayemiliki pedali kubwa ya wawa na nyingine ya umbo la ajabu atajikuta akikata sponji mpaka hakuna kilichobaki cha kukinga.

Kisha kuna masanduku ya polima ya Pelican, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1976. Hapa mfuniko una mpira wa kuzuia maji na vumbi, na vali ndogo inayosawazisha hewa ili sanduku lisigome kufunguka baada ya kushuka kwenye ndege. Modeli ya 1510 imetengenezwa kwa vipimo vya mzigo wa mkononi: sentimita 56 kwa 35 kwa 23 kwa nje. Mnunuzi akitazama vipimo hivyo tu, anaweza kutoa fedha palepale.

Aangalie na vya ndani. Upana wa ndani ni kama sentimita 28. Bodi ya Pedaltrain Metro 16, yenye sentimita 41 kwa 20, inaingia na kuacha nafasi ya sponji. Ile iitwayo Classic Jr, yenye upana wa karibu sentimita 32, haiingii hata kwa kulazimishwa. Na aangalie mizani: sanduku hilo tupu lina zaidi ya kilo 5, na likiwa na sponji yake linafika kama kilo 6.2. Kwa shirika la ndege linaloruhusu kilo 7 za mkononi, kinachobaki ni gramu 800, yaani pedali mbili na hakuna hata waya. Ndiyo maana kampuni hiyohiyo ikatengeneza familia nyepesi iitwayo Air, ambayo modeli yake ya 1535, yenye vipimo vinavyokaribiana, ina takriban kilo 4 bila sponji.

Wenye kusafiri na meneja na lori hutumia masanduku ya plaiwudi yaliyofunikwa plastiki, yenye kingo za alumini, pembe za chuma za mviringo, na makomeo yaliyozamishwa yasikwame kwenye kitu kingine. Masanduku ya aina hii yana kanuni yake, Spec 300, iliyotokana na chama cha mashirika ya ndege ya Marekani. Daraja lake la juu linadai sanduku livumilie angalau safari 100 za kwenda na kurudi. Ni mazito, na huingia kwenye tumbo la ndege. Ambaye hana wa kumsaidia kubeba atayajutia kwenye ngazi ya pili ya hoteli.

Kwa fundi wa mtaani

Sanduku la mbao halina siri inayomshinda seremala. Keko, Dar es Salaam, inajulikana kwa samani; Gerezani ya jijini humo na Kamukunji ya Nairobi kuna mafundi wanaokunja bati tangu asubuhi. Sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, lile lenye kufuli mbele, tayari ni nusu ya kazi: linazuia msuguano na kubanwa, na likivikwa sponji ya sentimita tatu pande zote linaweza kuibeba bodi ndogo kwenye basi. Udhaifu wake ni pembe zinazobonyea na mfuniko usiozuia maji.

Kwa plaiwudi, suala ni unene. Sanduku la sentimita 55 kwa 35 kwa 18 lina eneo la takriban mita 0.7 za mraba. Likitengenezwa kwa plaiwudi ya milimita 9, mbao peke yake hukaribia kilo 4. Kwa milimita 6 ni kama kilo 2 na nusu. Fundi akiachiwa aamue atachagua nene, maana kwake uimara ni unene. Kwa bodi ya pedali sita, milimita 6 zenye kingo za alumini zilizopigwa ribiti zinatosha. Kilo moja na nusu iliyookolewa ni karibu pedali nne.

Jaribio la mwisho halihitaji kifaa chochote. Bodi iwekwe ndani, sanduku lifungwe, litikiswe kwa nguvu karibu na sikio. Likitoa mlio wowote, halijaisha. Mfuniko usikandamize vitufe pia. Sponji ya juu ichongwe pale vilipo, na mwenyewe avipige picha kwa simu kabla ya safari ili akikuta mpangilio wake umevurugika aurudishe kwa dakika mbili.

Uwanja wa ndege na baada yake

Kwenye mashine ya ukaguzi, viboksi sita vya chuma vilivyounganishwa kwa nyaya huwafanya maofisa waombe kuona. Sanduku linalofunguka bila bisibisi huokoa muda na hasira. Betri za akiba za lithiamu na pawabenki hazipelekwi kwenye tumbo la ndege. Zinakaa na abiria, na zisizozidi saa-wati 100 kwa kawaida hazihitaji kibali cha shirika. Vijipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya visitupwe: viwili ndani ya sanduku hunyonya unyevu wa pwani. Sanduku lenye mpira wa kuzuia maji halijui kuchagua, linazuia pia unyevu uliofungiwa ndani usitoke. Pedali zilizolowa jasho jukwaani zikaushwe kwanza.

Ajali ikitokea, muda ni mali. Mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, gitaa lake aina ya Taylor lilivunjika mwaka 2008 katika safari ya kwenda Omaha kupitia Chicago. Dai lake lilikataliwa, sababu kubwa ikiwa kwamba hakuliwasilisha ndani ya saa 24. Mwaka uliofuata alitoa wimbo "United Breaks Guitars" uliosambaa dunia nzima mtandaoni, lakini matengenezo ya dola 1,200 yalikuwa yameshatoka mfukoni mwake. Kwa safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Njia salama ni kufungua sanduku palepale kwenye mkanda wa mizigo, kupiga picha, na kuandikisha kaunta kabla ya kutoka nje.

Kwa mpigaji wa hapa anayevuka kwenda Unguja mara mbili kwa mwaka na kupanda basi mara kumi, sanduku la plaiwudi ya milimita 6 lililotiwa sponji vizuri linatosha. Polima ni ya anayepanda ndege kila mwezi. Anayekwenda kwa fundi wiki hii asibebe vipimo kwenye karatasi. Aibebe bodi yenyewe, nyaya zote zikiwa zimechomekwa, kwa sababu vichwa vya nyaya vinavyotokeza pembeni ndivyo vinavyosahaulika kwenye futi.