Mtoto ametoka nyumbani asubuhi: je, amefika darasani?



Mmoja wetu alikutana na binti yake sokoni saa nne asubuhi, siku ya nne ya juma. Binti alikuwa amevaa unifome yake, shati nyeupe na sketi ya buluu, naye ameketi nyuma ya meza ya mama anayeuza vitumbula. Mama alidhani yuko darasani. Kumbe alikuwa amefukuzwa tangu siku ya kwanza kwa sababu ya minervale. Siku zote nne alitoka nyumbani na mfuko wa daftari mgongoni, akarudi jioni, akala bukari pamoja na wadogo zake, na alipoulizwa habari za masomo akajibu kwamba ni nzuri.

Siku ya posho mama huyo alitueleza jambo hilo mbele ya wote. Hakulia kwa sababu ya uongo wa binti. Alilia kwa sababu alikuwa anajua deni lipo, na kwa juma zima hakuthubutu kuuliza, maana hakuwa na feza ya kujibu. Wengi wetu tuliangalia chini. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kukaa kimya namna hiyo?

Ndipo tukaamua kwenda kuangalia wenyewe. Tuliomba ruhusa kwa prefe wa masomo ya sekondari ya Serikali ambako watoto wetu wengi wanasoma, hapa Lubumbashi, naye akakubali. Tulikuwa watano, kila mmoja na siku yake. Hatutaji jina la masomo hayo, kwa sababu yale tuliyoyaona yako pengine pia, na kwa sababu walitupokea vizuri.

Siku ya kwanza inaanza saa moja na nusu kwa bendera. Watoto wanajipanga kwa mistari, wanaimba wimbo wa taifa, prefe anasema maneno mawili matatu, kisha mtu wa feza anatoka na orodha. Wanaoitwa majina wanabaki uwanjani, wengine wanaingia. Yule wetu aliyekuwa hapo anasema kelele za watoto zilikatika mara moja, na hata wale waliokwisha kulipa waliinamisha vichwa.

Hapa tueleze jambo ambalo bado linachanganya wengi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya shule za msingi ni ya lazima na ni ya bure katika masomo ya Serikali. Bure hiyo ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Sekondari haimo. Darasa la saba na la nane sasa yanahesabiwa ndani ya elimu ya msingi, kwa hiyo wazazi wanafika wakiamini hawatalipa kitu, nao wanashangaa. Halafu prefe naye ana shida yake. Feza za wazazi ndizo zinanunua chaki na karatasi za egizame, ndizo zinaongeza kitu kidogo juu ya mshahara wa walimu, na katika masomo mengi wako walimu ambao bado hawajaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Wanaishi kwa kile tunacholeta. Hatusemi hivyo ili kutetea orodha ya asubuhi. Mtoto hana feza mfukoni. Mwenye deni ni sisi.

Tulimwuliza prefe: mtoto akitolewa uwanjani saa mbili, anakwenda wapi? Akasema, nyumbani. Tukamwambia habari ya meza ya vitumbula. Tukauliza tena: mbona hamumpigii mzazi simu? Akafungua daftari lake, akatuonyesha namba. Tulipiga kumi papo hapo. Nyingi hazikupita. Tunabadilisha kadi za simu kama vitambaa vya kichwa na hatupiti masomoni kusema namba mpya. Hapo hatukuwa na la kumjibu.

Mtoto aliyefukuzwa mara nyingi hafiki nyumbani. Anaogopa kumkuta mama bila feza, anaogopa maneno ya baba. Mvulana anaingia kwenye nyumba ya video au anakwenda kubeba mizigo sokoni. Msichana anakutana na mtu mzima anayemwambia kwamba minervale si tatizo, na habari hiyo inakoishia tunaijua bila kuandikiwa.

Siku ya pili hatuna mengi ya kusema juu yake. Madarasa yamejaa, watoto watatu au wanne kwenye banki moja, mwalimu anafundisha kwa sauti kubwa ili wa nyuma wasikie. Walimu wengi walikuwapo, na walikuwa wanafundisha kweli.

Siku ya tatu aliyekwenda ni mkunga wa zamani, na alianzia chooni. Vyoo viko, lakini mlango mmoja hauna komeo, mwingine hauna mlango kabisa, na maji yanachotwa kwenye bidoni iliyo upande wa pili wa uwanja, mbele ya macho ya wavulana wote. Akakaa na wasichana wa darasa la nane na wa kwanza humanite chini ya mwembe, bila mwalimu. Mwanzoni hakuna aliyesema. Baadaye mmoja alianza, kisha wote. Wakiwa katika siku zao hawaji. Siku mbili, mara nyingine tatu, kila mwezi. Nyumbani wanasema wanaumwa tumbo, masomoni wanasema wana malaria. Wengine wanatumia kipande cha godoro au kitambaa kisichofuliwa vizuri. Wawili walituambia kwamba siku ya kwanza waliona damu hawakujua ni kitu gani, wakafikiri wana ugonjwa wa aibu. Hawa ni watoto wa wamama wanaokuja katika mkutano huu.

Mwenzetu aliwaonyesha namna ya kushona vitambaa vya pamba vya kufuliwa: tabaka la flanela ndani, kitambaa laini juu, masikio mawili yenye kifungo cha kushika chupi. Vinafuliwa kwa sabuni na maji safi, vinaanikwa juani, si chini ya kitanda. Jua linakausha vizuri na linasaidia kuua vijidudu. Kitambaa kibichi kinachofichwa gizani kinaleta muwasho na harufu. Sketi za zamani zinatoa vingi. Cherehani tunazo tatu kati yetu.

Ni hapo chini ya mwembe pia ambapo jambo lingine lilisemwa kwa sauti ndogo: mwalimu anayeita msichana peke yake kwa ajili ya mapointi. Hatukupewa jina, na hatukulazimisha. Lakini mjue kwamba sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila asiyefikisha miaka 18, hata kama ana mwili mkubwa, hata kama inasemekana alikubali. Binti akikuambia neno kama hilo, usianze kwa kumwuliza alivaa nini. Msikilize mpaka mwisho. Kisha usiende peke yako kwa prefe. Njoo tufuatane, na yaliyosemwa yaandikwe. Kama amekwisha kuguswa, apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hutolewa ndani ya muda huo, na ni vizuri zaidi kuzianza mapema. Mapatano ya familia na mbuzi yasitangulie hospitali.

Siku ya nne tuliona njaa. Katika saa ya tatu ya masomo mvulana mmoja aliweka kichwa juu ya banki. Mwalimu alifikiri ni homa. Alipomwuliza, ikaonekana kwamba alikula mara ya mwisho jana jioni, na alitembea mwendo wa saa nzima kufika. Tunajua kwamba katika lupango nyingi mbabula inawashwa mara moja kwa siku. Hatutamwambia mtu kununua maziwa na mayai. Lakini bukari uliolala, ukikatwa vipande na kuchomwa juu ya makala, pamoja na karanga mkono mmoja, ni chakula. Sisi tulisoma kwa huo. Leo watoto wanauonea haya mbele ya wenzao, na haya hiyo walijifunza kwetu.

Siku ya tano mwenzetu alikwenda mchana, kwa sababu masomo hayo yana zamu mbili, na wa zamu ya pili wanatoka jua likizama. Moto wa SNEL haupo kila jioni. Wasichana wa upande mmoja wa mtaa sasa wanatembea kwa kundi, na mama mmoja anawangoja njiani. Pia alizungumza na wa darasa la mwisho, wanaojitayarisha kwa Egizame ya Serikali. Wanajua siku nne za egizame na asilimia 50 inayotakiwa ili kupata diplome. Hawalali: wanasoma kwa tochi ya simu mpaka saa saba usiku baada ya kuchota maji na kuosha vyombo. Waganga wanasema kijana wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10. Kaka zao wakichota maji hayo kwa miezi michache, hakuna mkono utakaokatika.

Siku ya posho tulikutana, na hatukupatana mara moja. Wengine walisema shida za nyumbani zisiletwe mbele ya watu. Wengine waliogopa kuguswa kwa likelemba, maana kila mtu amekwisha kupanga zamu yake. Tulibishana karibu saa mbili. Mwishowe tulikubali kwamba zamu za mwezi wa Septemba na wa Januari zitakwenda kwanza kwa wenye watoto katika sekondari, na wa darasa la mwisho watatangulia. Mama wawili walikataa, na zamu zao zinabaki kama zilivyokuwa. Orodha mpya ya namba za simu imepelekwa kwa prefe; ambaye namba yake imebadilika amwambie mwandishi wetu kabla ya juma lijalo. Cherehani zinafanya kazi kila siku ya tatu baada ya saa nane. Leteni sketi za zamani na sabuni.

Kuhusu binti wa sokoni: mama yake alikwenda kwa prefe akisindikizwa na wawili wetu. Deni litalipwa kwa mafungu matatu, karatasi imetiwa sahihi, na binti amerudi darasani. Siku zile nne walifanya mitihani midogo miwili. Mwalimu wa Kifaransa amekubali aifanye tena ya kwake. Mwalimu wa kontabilite amekataa, na sifuri hiyo itabaki kwenye buletini. Jioni anaandika masomo aliyoyakosa kutoka daftari la rafiki yake, na mama yake anakaa kando akichambua maharagwe.