Mkono Ulio Ndani ya Glavu

Swali ambalo wagonjwa wengi hujiuliza, na hata wanafunzi wa uuguzi wanapoingia chumba cha upasuaji kwa mara ya kwanza, ni swali la haki kabisa: ikiwa daktari atavaa glavu zilizotoka kwenye pakiti iliyotakaswa, kuna haja gani ya kusimama kwenye sinki akijisugua mpaka viwikoni? Jibu limo ndani ya glavu yenyewe. Mpira wake ni mwembamba, na upasuaji ni kazi ya sindano, visu na ncha za mifupa. Mwongozo wa usafi wa mikono uliotolewa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2009 unaeleza kwamba takriban asilimia 18 ya glavu hukutwa na vitundu vidogo baada ya upasuaji, na kwamba katika zaidi ya asilimia 80 ya matukio hayo daktari mwenyewe hana habari. Upasuaji ukifikia saa mbili, glavu zilizotoboka huwa asilimia 35. Daktari hatabadilisha glavu ambayo hajui kuwa imetoboka, kwa hiyo mgonjwa aliyelala mezani anategemea hali ya ngozi iliyo nyuma ya kile kitundu. Glavu ni kinga ya pili, na ya kwanza ni mkono uliotayarishwa vizuri.

Tatizo ni kwamba ngozi ya mtu hai haiwezi kutakaswa kama mkasi. Mkasi hutakaswa kwa mvuke wenye shinikizo ukatoka hauna kijidudu hata kimoja, lakini ngozi ni makazi. Mwaka 1938 daktari wa upasuaji Philip Price alionyesha jambo hili kwa njia rahisi: kunawa katika mabeseni yaliyofuatana, kisha kuhesabu bakteria waliobaki katika maji ya kila beseni. Aliwagawa katika makundi mawili, na mgawanyo wake bado unatumika leo. Kuna bakteria wapitaji, ambao mkono huwaokota kwenye kitasa, shuka, simu au mwili wa mgonjwa mwingine. Hao wanakaa juujuu na huondoka kwa urahisi, ingawa ndio wenye madhara makubwa zaidi, akiwemo Staphylococcus aureus. Na kuna bakteria wakazi, kama Staphylococcus epidermidis, wanaoishi ndani ya tabaka la juu la ngozi na kwenye vishimo vya vinyweleo. Hao hupungua, lakini hawamaliziki. Mkono ukishaingia ndani ya glavu, penye joto na jasho, waliobaki huanza kuzaana upya, na huzaana haraka zaidi ikiwa mkono ulioshwa kwa sabuni ya kawaida tu. Kwa hiyo kunawa kwa upasuaji kuna kazi mbili: kuwaondoa wapitaji wote, na kuwapunguza wakazi kiasi kwamba hawatarudi kwa wingi kabla mshono wa mwisho haujafungwa.

Ukilielewa hilo, utaona kwamba kinachoamua matokeo ni dawa kugusa kila sehemu ya ngozi kwa muda unaotosha. Nguvu ya kusugua haimo katika hesabu hiyo, ilhali katika vyumba vingi vya upasuaji nguvu ndiyo iliyorithishwa. Vizazi vya madaktari vilifundishwa kusugua dakika 10 kwa brashi ngumu, na mwanafunzi aliyetoka sinkini ngozi ikiwa nyekundu alihesabiwa kuwa amenawa kweli. Ushahidi umekwenda kinyume na mafunzo hayo. Majaribio yaliyolinganisha dakika 10 na dakika 5 hayakuona faida ya zile za ziada, na leo WHO inasema dakika 2 hadi 5 zinatosha kwa sabuni ya dawa, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Brashi haipendekezwi tena, kwa sababu hukwaruza ngozi na kubandua magamba yake, na kila gamba linalobanduka hubeba bakteria. Kilichobaki cha kutumia ni kijiti cha kusafishia chini ya kucha, tena mara moja tu, wakati wa kunawa kwa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba kuzidisha hakudhuru, kwamba anayesugua dakika 10 amejiweka upande wa usalama. Hoja hii ina nia njema, na ndiyo maana imedumu, lakini haizingatii kwamba mkono huo utanawa tena baada ya saa moja, na tena baada ya hapo, siku baada ya siku. Ngozi iliyokauka na kupasuka hukaliwa kwa urahisi na Staphylococcus aureus, na mtu ambaye mikono inamwasha huanza kunawa harakaharaka bila kukusudia. Historia ya glavu zenyewe inatoa ushahidi. Mwishoni mwa miaka ya 1880, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, dawa ya zebaki iliyotumika kutakasia mikono ilimharibia ngozi muuguzi Caroline Hampton, na daktari William Halsted akaiagiza kampuni ya mpira ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba. Zilianza kama kinga ya mikono ya muuguzi dhidi ya dawa kali. Faida kwa mgonjwa ilikuja kutambuliwa baadaye.

Hebu tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu, maana ubora wake umo katika vitu vidogo. Pete, saa na bangili huvuliwa kabla ya kuingia. Kucha hukatwa fupi, na kucha za bandia hazina nafasi kabisa. Katika miaka ya 1990 huko California, wagonjwa kadhaa wa upasuaji wa moyo walipata maambukizi ya bakteria Serratia marcescens, na uchunguzi ukafuata nyayo za bakteria huyo hadi kwa muuguzi mmoja aliyevaa kucha za bandia, kisha hadi kwenye kopo la krimu nyumbani kwake. Alikuwa akinawa na kuvaa glavu kama wenzake. Anayetumia maji na sabuni ya dawa huanza kwenye vidole: kila upande wa kila kidole, katikati ya vidole, kiganja na mgongo wa mkono, kwa dakika 2. Kisha hupanda mkononi, kutoka kifundo hadi kiwiko, dakika moja kila mkono. Muda wote vidole huwa juu na kiwiko chini, ili maji yaliyochafuka yatiririkie kiwikoni yasirudi kwenye vidole. Kwa sababu hiyohiyo, wakati wa kusuuza, mkono hupitishwa kwenye maji kwa mwelekeo mmoja na haurudishwi nyuma. Mkono ukigusa koki au ukingo wa sinki, sehemu iliyogusa huongezewa dakika moja. Na kinachohesabu dakika hizo kiwe saa ya ukutani, kwa sababu mtu aliyechoka usiku wa manane huona sekunde 40 kama dakika 2.

Njia ya pili, ambayo nadhani hospitali zetu nyingi zingeipa kipaumbele, ni ya kujipaka dawa yenye spiriti. Spiriti huharibu protini za bakteria kwa sekunde chache, na hufanya hivyo vizuri zaidi ikichanganywa na maji kuliko ikiwa kali tupu, kwa kuwa protini haziharibiki kirahisi pasipo maji. Ndiyo maana moja ya michanganyiko miwili ya WHO, inayoweza kutengenezwa na duka la dawa la hospitali, ina ethanoli asilimia 80, gliserini kidogo ya kulainisha ngozi, na haidrojeni peroksaidi ya kuua mbegu za bakteria zinazoweza kuwa ndani ya chupa. Mtumiaji hubonyeza pampu kwa kiwiko, akapata takriban mililita 5 kwenye kiganja cha kushoto, akachovya ncha za vidole vya mkono wa kulia kwa sekunde 5 ili dawa iingie chini ya kucha, kisha akapaka mkono huo wa kulia hadi kiwikoni mpaka ukauke. Mililita 5 nyingine ni za mkono wa pili, na 5 za mwisho ni za viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na vidole gumba. Kidole gumba na ncha za vidole ndizo sehemu zinazosahaulika kwa urahisi, ilhali ndizo zinazoshika sindano.

Je, njia hii fupi inamlinda mgonjwa sawasawa? Mwaka 2002, jarida la JAMA lilichapisha utafiti uliofanyika katika idara 6 za upasuaji za hospitali za Ufaransa kwa wagonjwa 4,387. Idara hizo zilitumia njia zote mbili kwa kupokezana. Wagonjwa waliopata maambukizi ya kidonda walikuwa asilimia 2.44 pale madaktari walipojipaka spiriti, na asilimia 2.48 pale waliposugua kwa sabuni ya dawa. Hakuna tofauti. Tofauti ilikuwa kwa wanawaji: waliotimiza muda uliopangwa walikuwa asilimia 44 kwa spiriti na asilimia 28 kwa kusugua, na ngozi za waliotumia spiriti hazikuwasumbua sana kama za waliosugua. Takwimu hizo mbili za mwisho ndizo ninazozipa uzito mkubwa. Zinaonyesha kwamba hata katika hospitali zenye maji na vifaa vya kutosha, huku utafiti ukiendelea, zaidi ya nusu hawakutimiza muda, kwa njia yoyote ile. Utaratibu unaodai uvumilivu mkubwa hukatizwa, na unaokatizwa haumkingi mgonjwa.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka hospitali ya Kijabe, katika kaunti ya Kiambu nchini Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha sabuni ya kawaida na maji, ambao ndio uliokuwa utaratibu wa hospitali hiyo, na dawa yenye spiriti. Wagonjwa 3,317 walihusika, na vidonda vyao vilifuatiliwa kwa siku 30. Maambukizi yalikuwa asilimia 8.3 kwa spiriti na asilimia 8.0 kwa sabuni. Hapa mpinzani wangu ana haki ya kusimama na kuuliza: kama sabuni ya kawaida imelingana na spiriti, mjadala wote huu wa dawa na dakika ni wa nini? Pingamizi hilo ni zito. Linatiliwa nguvu na mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2016, ambayo yalikusanya majaribio 14 na kukuta kwamba mengi yalihesabu bakteria mikononi, si vidonda vilivyoambukizwa, na kwamba hakuna ushahidi madhubuti wa dawa moja kuishinda nyingine katika kuzuia maambukizi.

Lakini soma matokeo ya Kijabe kwa utulivu. Maambukizi ya kidonda yana vyanzo vingi: bakteria wa ngozi na utumbo wa mgonjwa mwenyewe, antibiotiki iliyochelewa kutolewa, sukari isiyodhibitiwa, vyombo, urefu wa upasuaji. Mikono ni mlango mmoja kati ya milango hiyo, na ukiwa umefungwa kwa kiasi kinachofanana katika makundi yote mawili, milango iliyobaki ndiyo itakayoamua idadi. Tena, Kijabe ililinganisha njia mbili za kunawa zilizosimamiwa vizuri. Haikuwapima walionawa dhidi ya wasionawa, wala sabuni dhidi ya maji machafu. Funzo ninaloliona ni lilelile la Ufaransa: umakini wa anayenawa una uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye chupa. Na dawa zinapolingana kwa mgonjwa, hospitali ina uhuru wa kuchagua ile ambayo haitaikwamisha.

Hapo ndipo suala la maji linapoingia. Njia ya sabuni inahitaji maji safi, mengi, yanayotiririka, kwa kila mtu na kwa kila upasuaji, na baada yake taulo iliyotakaswa. Katika hospitali ambako bomba hukauka na mtu humiminiwa maji kwa jagi kutoka kwenye ndoo, mikono iliyosafishwa vizuri inaweza kuchafuliwa na maji ya kusuuzia, kwa sababu bakteria kama Pseudomonas huishi kwa raha kwenye matangi na koki. Spiriti haihitaji maji wakati wa kujipaka, wala taulo. Ina masharti yake. Haisafishi uchafu unaoonekana wala haiui mbegu za bakteria, kwa hiyo mtu anapoingia chumba cha upasuaji lazima kwanza anawe kwa sabuni na kukausha mikono vizuri, kwani unyevu huizimua dawa. Baada ya hapo, kati ya mgonjwa na mgonjwa, kujipaka kunatosha maadamu mikono haina damu wala poda ya glavu. Na ni lazima dawa ikauke kabisa kabla ya kuvaa glavu. Spiriti huwaka moto, na katika chumba kile kuna mashine ya umeme ya kukatia nyama na kuziba mishipa ya damu.

Wanaolipia uzembe katika jambo hili ni wengi. WHO ilipotoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji mwaka 2016, ilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati asilimia 11 ya wanaofanyiwa upasuaji huambukizwa, na kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Huyo ni mama anayerudi wodini na mshono uliofumuka, mtoto mchanga kando yake. Kwa hiyo uongozi wa hospitali usiridhike na bango la hatua za kunawa lililobandikwa juu ya sinki. Hesabu inaweza kufanywa na mtunza stoo. Mtu mmoja anahitaji mililita 15 kwa kila upasuaji. Watu watatu waliovaa glavu mezani ni mililita 45, na upasuaji 10 kwa siku ni mililita 450, yaani karibu chupa nzima ya nusu lita. Ikiwa hospitali yenye kazi kiasi hicho inategemea spiriti, na daftari la stoo linaonyesha kwamba chupa moja imedumu wiki nzima, basi mikono mingi imeingia kwenye glavu ikiwa imepakwa nusunusu, na mganga mkuu hana haja ya kusubiri vidonda vianze kutoa usaha ili kulijua hilo.