Radi ya Kuitwa na Radi ya Kujijia

Huku kwetu Kisii mawingu yakitanda alasiri, akina mama huanua nguo na kuwafukuza watoto chini ya mikaratusi. Hakuna anayetamani radi ije. Lakini wako watu ambao huiita, tena kwa makusudi!

Wao hungoja wingu lijae chaji, kisha hurusha roketi ndogo inayovuta waya mwembamba wa shaba uliofungwa ardhini. Roketi ikifika mita 200 au 300 hivi, umeme huchomoka kwenye ncha yake ukapanda hadi winguni. Waya nao huwa mvuke, kufumba na kufumbua. Jambo hili lilifaulu kwanza baharini karibu na Florida, Marekani, mwaka wa 1960, na nchi kavu huko Saint-Privat d'Allier, Ufaransa, mwaka wa 1973. Wakati mwingine radi huitwa bila kukusudia: Apollo 12 iliporuka tarehe 14 Novemba 1969, ilipigwa mara mbili kabla ya dakika moja kwisha. Wanaanga walifika mwezini salama, lakini si mchezo.

Swali langu ni hili: je, hiyo ya kuitwa ni radi kweli ama ni mwigo tu?

Radi ya kawaida ipigayo ardhi mara nyingi huanzia juu. Umeme hushuka kwa hatua, kila hatua makumi ya mita, ukijitafutia njia hewani. Ukikaribia ardhi, ndipo pigo la kwanza hulipuka. Karl Berger, aliyepima radi kwenye minara ya Monte San Salvatore, Uswisi, alipata kwamba pigo hilo kwa kawaida hufikia ampea 30,000 hivi. (Plagi ya pasi nyumbani ina fyuzi ya ampea 13, jamani!) Mapigo yanayofuata hupitia njia ile ile, nayo ni kama ampea 12,000.

Ile ya kuitwa huanzia chini. Kwanza hupita mkondo wa ampea mia moja hivi kwa sehemu ya sekunde. Usiudharau, mkondo unaokawia namna hiyo ndio huyeyusha chuma na kuwasha moto. Halafu kimya kidogo, kisha mapigo hushuka kwa njia iliyokwisha kufunguliwa. Haya hulingana sana na yale ya pili na ya tatu ya radi ya kawaida, ampea elfu kumi na kitu.

Basi ni radi kweli, ila imekosa pigo lake la kwanza, lile kubwa. Fundi akijaribu kinga ya nyumba au nyaya za stima kwa radi ya kuitwa, ana faida ya kuchagua mahali na saa, vyombo vyake vikiwa tayari. Lakini nyumba ya Kisii haichaguliwi hivyo. Nguvu za pigo la kwanza itabidi azitafute kwenye vipimo vya radi iliyojijia yenyewe, kama vya Berger.