Kamera ndogo katika maji yaliyotibuka: Kwa nini picha hutoka na ukungu

Na Mwandishi Wetu

SEPTEMBA 29, 2019, gari dogo lilitumbukia baharini kutoka kwenye kivuko cha Likoni mjini Mombasa, likiwa na mama na binti yake. Miili yao iliopolewa Oktoba 11 mwaka huo, baada ya wazamiaji kulisaka gari hilo siku nyingi katika maji yenye giza, kwenye kina kilichotajwa kuwa mita 58.

Kwa mtu aliyesimama nchi kavu, ni rahisi kujiuliza kwa nini kamera isishushwe tu majini ikaonyesha gari lilipo.

Swali hilo lina uzito zaidi leo, kwa kuwa kamera ndogo za aina ya GoPro, zinazoenea kiganjani, hutumiwa na watu wengi wanaozamia kwa mtungi wa hewa: watalii wa Mnemba na Mafia, watafiti wa samaki, wakaguzi wa meli na hata waokoaji.

Jibu ni kwamba kamera, hata iwe ya bei gani, haioni kupita tope. Kinachoiharibu picha ni chembechembe zilizo kati ya lenzi na kitu kinachopigwa, na dawa yake ya kwanza ni kuyapunguza maji yaliyo katikati.

Utusitusi unatoka wapi

Maji hutibuka kwa sababu kadhaa. Katika ghuba za Ziwa Victoria, mwani huyafanya kuwa ya kijani na kuzuia mwanga usishuke. Pwani ya Kenya, Mto Sabaki humwaga udongo mwekundu kaskazini mwa mji wa Malindi, na wakati wa kaskazi mikondo huusukuma udongo huo kuelekea kwenye matumbawe. Bandarini, tope hutibuliwa na meli zenyewe.

Aidha, maji hata yakiwa safi hunyonya mwanga. Rangi nyekundu ndiyo hupotea mapema, na kufikia kina cha mita 10 sehemu kubwa yake huwa imekwisha. Ndiyo maana kitambaa chekundu huonekana cheusi chini ya maji.

Katika bahari angavu, kichujio chekundu kinachobandikwa mbele ya lenzi hurudisha sehemu ya rangi. Hata hivyo, kila kichujio hupunguza mwanga, na katika maji yaliyotibuka mwanga ndio uliopungua tangu awali. Hivyo ni heri kukiondoa na kutumia taa.

Taa mbaya ni sawa na kutokuwa na taa

Dereva anayepita Njombe alfajiri penye ukungu anafahamu kwamba akiwasha taa kubwa huona ukuta mweupe mbele yake. Mwanga hugonga matone ya ukungu na kumrudia machoni.

Hali ni hiyo hiyo chini ya maji. Taa ikiwekwa juu kabisa ya kamera, humulika kila chembe iliyo mbele ya lenzi, na picha hujaa vitone vyeupe.

Taa inatakiwa kukaa kando, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kamera, ikiwezekana moja kila upande. Zielekezwe nje kidogo, ili kingo za miale ndizo zikutane kwenye kitu kinachopigwa, na maji yaliyo mbele ya lenzi yabaki gizani.

Sogea karibu, lakini si mno

Wazamiaji wenye uzoefu hufuata kanuni moja: piga picha ndani ya robo ya umbali unaoweza kuona. Kama unaona hadi mita nne, kitu kiwe ndani ya mita moja.

Hapo ndipo kamera hizi zina faida. Lenzi yake hutazama kwa upana mkubwa, hivyo mpigaji anaweza kusogea karibu sana na bado akapata kitu kizima ndani ya picha. Kukivuta kitu kwa kukuza picha ni kosa, kwani tope nalo hukuzwa.

Lakini upo mpaka. Nyingi ya kamera hizi haziwezi kulenga vizuri kitu kilicho chini ya sentimita 30 hivi, isipokuwa zikiongezewa lenzi ya vitu vya karibu. Kwa hiyo, umbali wa kuona ukishuka chini ya hapo, kamera huwa imefika mwisho wake.

Katika hali hiyo waokoaji hutegemea vyombo vya sona, vinavyotumia mawimbi ya sauti badala ya mwanga, au hupapasa kwa mikono wakifuata kamba iliyotandazwa chini.

Kuhusu mipangilio, picha 30 kwa sekunde huipa kamera muda mrefu zaidi wa kukusanya mwanga kuliko picha 60. Kamera ikiachwa ijiongezee yenyewe wepesi wa kunasa mwanga bila kikomo, giza hugeuka kuwa chengachenga.

Kina na kasha

Kamera nyingi za GoPro zilizotengenezwa tangu mwaka 2016 huhimili mita 10 bila kasha, wakati Osmo Action 5 Pro ya mwaka 2024 huhimili mita 20. Zikiwa ndani ya kasha la kuzamia, nyingi hufika mita 60. Kwa kina kama kile cha Likoni, hiyo ni akiba ya mita mbili tu.

Anayenunua kamera ya zamani iliyotumika achunguze kioo cha kasha lake. Kasha la GoPro ya mwaka 2009 lilikuwa na kioo kilichobinuka, ambacho chini ya maji hufanya picha ikose ukali. Kioo bapa ndicho kinachofaa.

Mpira mwembamba unaoziba mlango wa kasha ukaguliwe kila mara. Unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kuingiza maji. Kasha lifungwe mahali pakavu na penye ubaridi, kwa sababu hewa ya joto yenye unyevu ikifungiwa ndani huweka ukungu kwenye kioo mara kasha linapokutana na maji ya baridi.

Hatari iliyo kubwa kuliko picha mbaya

Tatizo kubwa, hata hivyo, ni mzamiaji mwenyewe. Macho yakiganda kwenye kioo cha kamera, husahau kupima hewa iliyobaki mtungini, hupoteza kina na humpoteza mwenzake. Katika maji ya kuona mita moja, mwenzako akisogea mita mbili hayupo tena.

Teke moja la mapezi karibu na sakafu hutibua tope na kuufuta hata umbali mdogo uliokuwapo. Mzamiaji anatakiwa kuelea juu ya sakafu na kupiga mateke ya pembeni kama chura.

Kamera ifungwe kwa kamba mwilini ili mikono yote iwe huru inapohitajika. Ikidondoka, iachwe. Wapo wanaoifuata chini, na huko ndiko hewa inakoishia. Kwa wazamiaji wa kujiburudisha, mita 40 ndio ukomo, na kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika.

Kwa mwokoaji, thamani ya kamera huonekana zaidi akishatoka majini. Picha inaweza kusimamishwa, kuongezewa mwanga na kutazamwa na watu kumi, ikaonyesha namba ya gari au ufa ambao jicho liliupita. Hicho ndicho inachoweza kuwapa ndugu wanaosubiri ufukweni, mradi aliyeishika arudi juu salama.